Tulifukuza kompyuta, tukamsahau fundi

Ndugu msikilizaji, ukimwambia kijana wa leo kwamba kulikuwa na wakati ambapo kompyuta ilikuwa bidhaa ya marufuku nchini mwetu, atakutazama kama unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na seti za televisheni nazo zikawekwa katika kapu hilohilo. Zanzibar walipata televisheni yao ya rangi katika miaka hiyohiyo ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994.

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya kitu kidogo sana ndani ya kompyuta za zamani, yaani kadi ya kuongezea kumbukumbu, na namna mafundi wetu wa Kinondoni na Temeke walivyojifunza kutafuta makosa yake. Utaniuliza, kadi ndogo kama hii ina uhusiano gani na amri ya Serikali? Naomba uvumilivu wako. Mimi naona uhusiano upo, na ni mkubwa.

Tuanze na historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Hazina mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya kampuni ya Kiingereza ya ICT, aina ya 1500. Baadaye ikaja kubwa zaidi, ya ICL, kampuni iliyozaliwa mwaka 1968 baada ya ICT kuungana na wenzake. Hizo hazikuwa kompyuta za kuweka juu ya meza. Zilijaza chumba, zilitaka ubaridi usiku na mchana, na zilitaka wataalamu ambao wengi wao walikuwa wageni. Zilipokabidhiwa hesabu za Serikali, mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Hesabu zilivurugika, gharama zikapanda, na kazi ikabidi irudi kwenye vitabu na kalamu.

Tuwe waungwana na tuwatendee haki viongozi wa wakati ule. Mwaka 1974 haukuwa mwaka wa mchezo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, ukame ulikuwa umeharibu mavuno, na fedha za kigeni zilihitajika kununulia chakula. Mtu aliyeiona mashine ya fedha nyingi ikitoa hesabu zisizoeleweka alikuwa na haki ya kukasirika. Sisemi kwamba hasira ile ilikuwa ya kijinga. Ninachouliza ni hiki: je, tulijua kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika mashine? Katika karatasi zilizoingizwa ndani yake? Katika mafunzo ya makarani? Au katika mkataba uliomwacha mgeni peke yake na ufunguo wa chumba? Maswali hayo ni tofauti, na kila moja lina dawa yake. Sisi tulitoa dawa moja kwa yote, tukafunga mlango.

Huko nje dunia haikungoja. Mwezi Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta ndogo ya mtu mmoja, ya kuweka mezani. Mwaka 1983 ikatoa ndugu yake aliyeitwa XT, na kampuni nyingine zikaanza kuziiga. Hapa nyumbani, mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta bidhaa zilizokuwa zimeadimika. Marufuku ya kompyuta nayo ikaanza kulegea katika miaka hiyo ya 1980. Mashine zikaingia moja moja, nyingi kwa vibali na kupitia miradi ya wafadhili. Mradi ulipomalizika, mtaalamu aliondoka, na mara nyingi kitabu cha maelekezo kiliondoka naye. Mashine ikabaki.

Sasa hapa ndipo kadi yetu inapoingia. Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu ya kompyuta ni kabati la kuhifadhia mafaili. La hasha. Kabati ni diski. Kumbukumbu ni meza ya karani. Karani mwenye meza ndogo anaweza kufungua daftari moja tu kwa wakati mmoja. Ukimletea la pili, analiweka chini. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 iliuzwa ikiwa na meza ndogo mno, kilobaiti 16, na hata ukiijaza bodi yake kuu ulifikia kilobaiti 64 tu. Bodi za baadaye zilifikia 256. Programu za kawaida ziliweza kutumia mpaka kilobaiti 640 na hapo ndipo ukuta ulipokuwa. Simu ya kawaida ya gigabaiti 4 aliyoishika mwanao leo ina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo zaidi ya mara 6,500.

Kutoka 256 mpaka 640 kuna pengo la 384. Kadi maarufu kuliko zote za miaka ile, ile ya kampuni ya AST ya California, iliziba pengo hilo sawasawa: ilibeba kilobaiti 384, na juu yake saa na njia za kuunganishia printa. Ilipojazwa kamili ilikuwa na chipu 54 za kumbukumbu, zimepangwa katika safu 6, kila safu chipu 9. Kwa nini 9 na si 8? Kwa sababu chipu 8 hubeba hesabu yako, na ya 9 ni shahidi. Kila mara kitu kinapowekwa na kutolewa, shahidi huyo hutazama kama kilichotoka kinalingana na kilichoingia. Kikitofautiana, mashine husimama papo hapo na kuandika kwamba kuna kosa. Inaona afadhali isimame kuliko kukupa jibu la uongo.

Wengi wetu tulilichukulia lile kusimama kama kifo. Kumbe mashine ilikuwa inasema. Katika kompyuta hizo za IBM, inapowashwa hujikagua kwanza, na ikikuta ubovu wa kumbukumbu huandika namba 201. Mbele ya 201 kuna tarakimu nyingine, na hizo ndizo ramani: zinakueleza safu gani na chipu ipi katika safu hiyo. Ikisimama katikati ya kazi huandika PARITY CHECK 1 au PARITY CHECK 2. Moja maana yake kosa liko kwenye bodi kuu, mbili maana yake liko kwenye kadi. Mgonjwa gani tena atakayekuonyesha kwa kidole mahali panapomuuma? Tatizo ni kwamba asiyejua kusoma ramani huona ni tarakimu tu.

Na kadi zile zilikuwa na sababu nyingi za kuumwa hapa kwetu. Dar es Salaam ni mji wa joto na wa pwani. Hewa yenye chumvi na unyevu hula shaba na kuziba midomo ya kadi pale inapochomekwa. Joto nalo lina lake. Chipu za zamani hazikuchomelewa, zilikaa kwenye soketi. Mashine ikiwashwa hupata moto na kutanuka, ikizimwa hupoa na kusinyaa, na kila mara chipu husogea juu kidogo, kidogo, mpaka mguu mmoja unapoteza mgusano. Sasa ongeza mgawo wa umeme tuliouzoea miaka ile ya 1990, umeme unakatika na kurudi bila hodi, halafu ujionee kadi itaishi vipi.

Aliyeokoa mashine hizi alikuwa fundi redio. Naye hakutoka Ulaya. Alikuwa yule wa kibanda cha mbao cha Mwananyamala, Manzese, Tandika au Keko, mwenye pasi ya kuchomelea risasi, mita, bisibisi na rundo la redio zilizofunguliwa matumbo. Wakati huo mji ulikuwa na wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni hazijawa wilaya. Maduka ya kompyuta yalikuwa mjini kati, na bei zake zilikuwa za mjini kati. Mtu wa pembeni mwa mji mwenye mashine mbovu aliibeba kwenye teksi au mkokoteni akampelekea mtu aliyemwamini kwa redio yake.

Nitakupa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Mwaka 1995 nilikuwa mjumbe wa kamati katika chama kidogo cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, huko Temeke. Chama kilikuwa na IBM XT moja, tuliyoachiwa na mradi. Ndani yake mlikuwa na akiba na madeni ya kila mwanachama, na nakala ya mwisho ya kwenye flopi ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Siku moja mashine ikaanza kuandika tarakimu na 201, na kila karani alipofungua hesabu, ikasimama. Tukaita kampuni moja ya mjini. Kijana wao alikuja na tai, akawasha, akazima, akasema, "Hii imekufa, nunueni mpya." Barua ya bei ikaja siku ya pili yake. Kiasi kilichoandikwa humo kilizidi akiba ya wanachama thelathini.

Wakati huohuo alikuwapo mama mmoja, mjane wa mwanachama wetu, akifuatilia akiba ya marehemu mumewe ili alipe ada za watoto. Alikuja Jumatatu, akaambiwa mashine mbovu. Akaja Ijumaa, akaambiwa mashine imekufa. Alituuliza swali lililotunyamazisha wote: "Sasa baba zangu, na fedha zake zimekufa nayo?"

Mzee mmoja wa kamati akasema kuna fundi Tandika. Fundi akaja na mfuko wa rambo, umri wake kama miaka thelathini, hana tai. Hakuwasha mashine. Alikaa, akauliza: "Mama, ilipoanza kusumbua iliandika nini?" Karani wetu, Mungu ambariki, alikuwa ameandika zile tarakimu kwenye kalenda ya ukutani, siku baada ya siku, bila kujua maana yake. Fundi akaitazama kalenda ile kwa muda, akatikisa kichwa, akasema, "Inataja palepale kila siku. Basi haijafa, ina kidonda kimoja."

Naomba ufuate alivyofanya, kwa maana somo langu lote la leo limo humo. Kwanza alichomoa waya wa umeme, akafungua kifuniko na kutoa kadi ya kumbukumbu, akawasha mashine bila hiyo kadi. Ikajikagua mpaka kilobaiti 256 na kuwaka bila kosa. Kwa hatua hiyo moja alikuwa ameondoa bodi kuu, diski na kibodi katika orodha ya washukiwa. Pili alichukua raba ya penseli ya mtoto wa shule, akasugua midomo ya kadi iliyokuwa imefifia na kuota ukijani, akapangusa vumbi la raba kwa spiriti, akairudisha. Kosa likabaki. Tatu alitazama swichi ndogo za kwenye kadi, zile zinazosema kumbukumbu yake ianzie wapi. Zikiwekwa vibaya, kadi na bodi hugombea mahali pamoja, au huacha shimo katikati. Zilikuwa sawa. Nne aliilaza kadi mezani juu ya gazeti, akaanza kukandamiza chipu moja moja kwa dole gumba. Tulisikia mlio mdogo, ta, ta, zikirudi kwenye soketi zake. Akaijaribu tena. Kosa likabaki.

Hapo mimi nilikata tamaa. Yeye ndipo alipochangamka. Alihesabu safu kwa kufuata tarakimu za kalenda, akaifikia chipu iliyoshukiwa. Hakuitupa. Aliitoa taratibu, akaibadilishana mahali na jirani yake wa safu nyingine, akawasha. Tarakimu zikabadilika. Akatugeukia akasema: "Kosa likihama na chipu, mwenye kosa ni chipu. Kosa likibaki palepale, mwenye kosa ni soketi au njia ya waya. Hili limehama." Kesho yake alikwenda Kinondoni kwa fundi mwenzake aliyekuwa na kadi iliyoungua, akanyofoa chipu nzima ya aina ileile, akarudi nayo. Gharama yote, pamoja na ufundi wake na nauli ya daladala, ilikuwa ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kamati yetu.

Jioni ile printa ililia mpaka saa mbili usiku. Tulitoa hesabu za wanachama wote kwenye karatasi, na nakala mbili za flopi. Mjane yule alipata akiba ya mumewe kwa senti, bila makisio ya mtu.

Ndugu msikilizaji, sasa rudi nami Hazina. Fundi wa Tandika hakuwa na shahada. Alichokuwa nacho ni adabu ya kutafuta kosa. Alitaka kujua mashine ilisema nini kabla ya yeye kusema neno. Kila safari alibadilisha kitu kimoja tu, kisha akatazama, na katika safari zote hizo hakuna aliyemsikia akimhukumu mshukiwa ambaye hajajaribiwa. Yule kijana wa tai, kwa upande wake, alikuwa na kila kitu ila adabu hiyo. Alifunga faili kabla ya kulisoma. Mimi naona kwamba amri ya 1974 ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Tulikuwa na kosa la kweli, lenye uchungu wa kweli, lakini hatukutoa kadi moja moja kuona kosa linahama na nani. Tuliiondoa mezani mashine nzima, na pamoja nayo tukaondoa nafasi ya vijana wetu kujifunza kuifungua. Hasara hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha Hazina. Huoni fungu la fedha linaloitwa mafundi ambao hawakupatikana.

Wapo watakaonijibu kwamba nchi maskini haikuwa na uwezo wa kuchezea mashine za ghali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hebu tutazame redio. Redio nazo zilikuja kutoka nje, nazo ziliharibika, na hakuna aliyezifukuza. Kwa sababu ziliachwa ziingie na ziharibike mikononi mwetu, kila mtaa ukapata fundi wake. Na fundi huyohuyo, kompyuta ilipokuja, ndiye aliyeivalia miwani. Ujuzi huja kwa kushika. Mkono usioshika hauwezi kujua.

Sasa tuangalie tulipo. Leo kompyuta hazina marufuku, nazo zimejaa shuleni, zahanati na ofisi za kata, nyingi zikiwa za mtumba. Ile kadi ya chipu 54 imekwisha kazi. Nyingi zimeishia kwa wauza chuma chakavu. Lakini ugonjwa wetu wa zamani bado tunao. Mara ngapi umeona chumba cha shule chenye kompyuta kumi, tisa zimefunikwa vitambaa kwa sababu "zimekufa"? Nani aliyezipima? Iliandikwa wapi zilisema nini kabla ya kunyamaza? Tukumbuke pia kwamba kompyuta nyingi za kubebeka za siku hizi zimechomelewa kumbukumbu yake ndani ya bodi, fundi hawezi kuitoa wala kuiongeza. Hata Ulaya wameliona hilo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwabana watengenezaji wa baadhi ya bidhaa ili ziweze kutengenezwa zinapoharibika. Kama wao wenye fedha wanaogopa kutupa, sisi tunaotegemea mtumba tuna kiburi gani?

Sina dawa ya ajabu. Ninayo mambo matatu tu, na hayahitaji mfadhili. Kila ofisi na kila shule yenye kompyuta iwe na daftari la mashine, kama kadi ya kliniki ya mtoto: siku fulani iliandika hivi, fulani akafanya hivi. Kalenda ya karani wetu ndiyo iliyookoa chama, si elimu ya kamati. Pili, mashine isiandikwe kwamba imekufa mpaka fundi ameandika ni kitu gani kilichokufa ndani yake na amekijua kwa njia ipi. Tatu, katika kila fungu la kununulia mashine, patengwe sehemu ya kumfundisha mtu wa hapohapo kuifungua. Chuo cha VETA kiko pale Chang'ombe, na Taasisi ya Teknolojia iko mjini. Vijana wanatoka humo kila mwaka wakiwa na njaa ya kazi.

Kuna ofisi huko mitaani ambazo mpaka leo zina mashine za zamani stoo, chini ya mafaili na ndoo za rangi, na ndani ya diski zake zimo hesabu za watu: michango, viwanja, mafao. Kabla hujaita gari la chuma chakavu, mwite fundi. Muulize kama anajua maana ya 201. Akicheka akaomba raba ya penseli, mpe kiti akae.